Karani wa Kompyuta Namba Saba

Kila siku ya shule, kabla kengele ya kwanza haijalia, msichana mmoja wa darasa la saba alipita ofisini kuchukua ufunguo. Walimwita Sindano. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba hivi kwamba wenzake walisema akisimama kiubavu haonekani. Hakuchukia jina hilo. Alisema heri kuwa sindano kuliko kuwa uzi, maana uzi kazi yake ni kufuata tu.

Ufunguo ulikuwa wa chumba cha kompyuta. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa baraza, na madirisha yake yalikuwa na nyavu. Ndani mlikuwa na kompyuta kumi zilizopangwa ukutani, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Namba kumi ilikuwa mbovu, skrini yake ilikuwa kwa fundi, na hizo tisa zilizobaki ziligombaniwa na shule nzima. Kwa hiyo mwenye ufunguo hakuwa mtu wa hivi hivi. Sindano aliutia utepe mwekundu aliopewa na mama yake, akauvaa shingoni, na akiwa nao alitembea mabega juu. Msimcheke. Hata ninyi mngetembea hivyo hivyo.

Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kufunika mashine jioni, na kuandika daftari. Daftari lenyewe lilikuwa na safu za tarehe, namba ya kompyuta, kazi iliyofanyika, na safu moja ya mwisho ambayo mwalimu wa kompyuta aliipigia mstari mara mbili: *Nimefungua, nimesoma kwa macho yangu.* Hapo ndipo palipowekwa alama ya vema, na pembeni jina.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Chiriku. Tangu darasa la kwanza walikaa dawati moja, wakaugua surua wiki moja, na mmoja akipewa adhabu mwenzake alimngoja nje hadi amalize. Chiriku aliitwa Chiriku kwa sababu hakuwa na kituo. Mwalimu wao wa hesabu aliwahi kusema kwamba mtoto huyu akinyamaza, basi shule ipige simu hospitali. Lakini mkono wake ulikuwa na baraka. Alichora kwa kalamu, kwa chaki, na tangu kompyuta zije alichora kwa kipanya vilevile, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula.

Mwaka huo darasa la saba lilitengeneza gazeti la shule, kurasa nane, la kugawiwa wazazi siku yao. Chiriku alipewa picha ya ukurasa wa mbele. Sindano aliandika ukurasa wa tatu, habari ya fundi cherehani mmoja anayeanza kazi alfajiri na ambaye hajawahi kumrudishia mteja nguo iliyopinda. Hakutaja kuwa ni mama yake. Alimwambia tu afunge duka Jumamosi aje, atakuta kitu chake.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya Karani, maana kisa chote kimesimama hapo. Ndani ya kila kompyuta ile kulikuwa na programu moja ambayo kazi yake ni kuziweka programu nyingine, kuzibadilisha zikichakaa, na kutunza orodha ya kila iliyomo na toleo lake. Ukitaka kujua una toleo la ngapi, unaiuliza, nayo inakuonyesha orodha. Wanafunzi waliipa jina la Karani. Karani hakuwahi kuchelewa wala kusahau, na watu wakaanza kumwamini kuliko walivyoamini macho yao.

Gazeti lilipangwa kwenye kompyuta namba mbili, ambayo mwalimu alikuwa ameshaitilia toleo la tano la programu ya kuchorea na kupanga kurasa. Nyingine zote zilikuwa bado na toleo la nne. Ijumaa, siku moja kabla ya wazazi kuja, mwalimu alimpa Sindano kazi ya kuzibadilisha zote. Ukutani palikuwa na kadi yake: funga programu kwanza, mwambie Karani aweke mpya, kisha ifungue usome namba, ndipo uweke alama. Sindano akaanza saa nane mchana. Alifunga, akaweka, akafungua, akasoma, akatia alama. Hadi saa kumi alikuwa amemaliza zote isipokuwa namba saba.

Namba saba ndiyo iliyokuwa na skrini pana, na ndiyo iliyounganishwa na printa. Na kwenye kiti chake alikuwa ameketi Chiriku, ulimi nje, akimalizia picha yake ya mbele. Alikuwa amechora lango la shule na wazazi wakiingia, na kila mzazi alikuwa na sura yake. Sindano alimwomba afunge kidogo. Chiriku akasema akifunga sasa atapoteza mkono, na mkono ukipotea haurudi kwa kuitwa.

"Kadi inasema tufunge kwanza," Sindano alimkumbusha.

"Kadi iliandikwa na mtu asiye na haraka. Wewe mwambie Karani aweke huko nyuma, mimi nachora huku mbele. Karani anajua kazi yake."

Sindano alisita. Lakini jua lilikuwa linateremka, na yeye alishachoka, na aliyekuwa akimwomba ni Chiriku. Akamwamuru Karani aweke. Mstari wa kijani ukatambaa chini ya skrini, ukafika mwisho, Karani akaandika: *Imekamilika.* Sindano akaitazama orodha. Toleo la tano, hilo hapo. Akamwambia rafiki yake akimaliza kuchora aifunge programu, aifungue tena, asome namba. Kisha akaenda kufunika mashine nyingine.

Baada ya nusu saa Chiriku alihifadhi picha yake kwenye flashi, akaipeleka namba mbili na kuitia kwenye gazeti, akapiga miayo.

"Umesoma?" Sindano aliuliza kutoka upande wa pili wa chumba.

"Tayari. Ni tano."

Sindano akaweka alama ya vema, akaandika jina lake, akafunga mlango. Walirudi nyumbani wakicheka, wakibishana ni mzazi gani atalia wa kwanza akiliona gazeti.

Jumamosi wazazi walikuja wengi kuliko viti. Mama Sindano alikuja amevaa gauni la buluu aliloshona mwenyewe, na baba yake Chiriku, dereva wa lori ambaye hukaa safarini wiki tatu kati ya nne, aliomba ruhusa akaja. Baada ya hotuba, wazazi waliongozwa hadi chumba cha kompyuta kuona gazeti likitoka moto moto kwenye printa. Mwalimu alikaa namba saba, akachomeka flashi yenye gazeti, akabofya. Likatokea boksi la kijivu katikati ya skrini: *Faili hili limetengenezwa kwa toleo jipya zaidi. Haliwezi kufunguliwa hapa.*

Akabofya tena, na boksi likarudi. Akaangalia namba juu ya programu, na ilikuwa nne. Jasho likamtoka mwalimu wa watu. Alijaribu kuihamishia printa namba mbili, ikakataa. Hakuhangaika hata kumuuliza Karani. Alikimbilia ofisini, akaleta flashi nyingine aliyokuwa ameihifadhia programu mpya, akafuta ile ya zamani kwa mkono wake na kuanza kuweka upya. Mashine ikaanza kujivuta kama mzee anayepanda ngazi. Huku nyuma wazazi walitazama saa. Mmoja alisema ana mgonjwa, mwingine ana duka, na mwisho walibaki wachache mlangoni.

Ndipo mwalimu alipolifunua daftari. Akasoma mstari wa Ijumaa, akainua macho.

"Sindano, hapa umeandika umefungua na kusoma toleo la tano. Mimi nimekuta nne. Uliweka au hukuweka?"

Sindano alisema aliweka, na kwamba Karani mwenyewe aliandika tano. Mwalimu alikuwa amechoka na kuaibika, na mtu aliyeaibika hana masikio marefu.

"Mashine haina sababu ya kudanganya," alisema. "Watu ndio wenye sababu."

Sindano hakuogopa sana, maana alikuwa na shahidi. Akageuka. "Mwalimu, muulize Chiriku. Alikuwa amekaa hapo hapo. Aliona."

Watu wote wakamtazama Chiriku. Na yule mtoto asiye na kituo, aliyeweza kusimulia safari ya kwenda bombani kwa robo saa, alitazama vidole vya miguu yake.

"Mimi niliondoka mapema, mwalimu," akasema. "Sijui kitu."

Akamruka kimanga, mchana kweupe. Sindano alihisi kama mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukasogea. Alitaka kusema: si wewe uliyeniambia nisifunge, si wewe uliyesema ni tano? Lakini alitazama mlangoni, akamwona mama yake katika gauni la buluu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, amesikia kila kitu. Mwalimu akanyoosha mkono. Sindano akauvua ufunguo na utepe wake mwekundu, akaukabidhi. Aliambiwa Jumatatu aje na maelezo ya kweli, la sivyo ufunguo atapewa mwingine, na jina lake litaondolewa kwenye kundi la gazeti.

Walifika dukani, mama akavua gauni zuri, akavaa la kazi, akaketi kwenye cherehani. Sindano alikaa kwenye kibao cha kukatia nguo na kilio kikamtoka chote. Alilia kwa ajili ya ufunguo, ndiyo, lakini zaidi alilia kwa ajili ya Chiriku. Adui akikusingizia unajua uongo umetoka kwa adui. Huyu alikuwa amekula naye sahani moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema taratibu, bila kuinua macho. "Mafundi tunaujua sana msemo huo. Haya, futa machozi uniambie. Uliiweka hiyo programu?"

"Niliiweka, Mama. Wallahi."

"Ukaifungua ukaiona kwa macho yako?"

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikapotelea mbali.

"Chiriku aliniambia ni tano," akasema mwishowe.

"Na daftari linasema nani aliona?"

"Mimi."

"Basi una kesi mbili, mwanangu, si moja. Moja ni ya kwao, wamekuonea. Nyingine ni yako." Mama akakata uzi kwa meno. "Ya kwao sijui utaimalizaje. Ya kwako unaijua."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yale ya mwalimu. Alimkasirikia hata mama. Siku nzima ya Jumapili alikaa dukani amenuna, akifumua mishono ya zamani kwa wembe kwa sababu kazi ile haihitaji mtu awe na furaha. Mchana alikuja mteja mmoja na mashati sita ya sare aliyonunua tayari, akitaka yapunguzwe. Alisema yote ni saizi moja, lebo zinasema hivyo. Mama alivuta futi shingoni mwake, akapima shati moja baada ya jingine. Manne yalikuwa sawa. Mawili yalikuwa madogo kwa kiganja kizima.

Mteja akashangaa. Akasema lebo haiwezi kukosea, imetoka kiwandani.

"Lebo huwa inashonwa na mtu mmoja, na shati linakatwa na mwingine," mama alimweleza. "Mshona lebo anaandika saizi iliyoagizwa. Kama mkataji alikosea, lebo haina habari. Mimi siamini lebo, naamini futi."

Wembe ulisimama mkononi mwa Sindano. Lebo inaandika kilichoagizwa. Na Karani je? Je, Karani aliandika alichokiweka, au aliandika alichoagizwa kuweka? Kwenye kompyuta nyingine zote programu ilikuwa imefungwa, na zote zilikuwa sawa. Kwenye moja ilikuwa wazi, Chiriku akichora. Alisimama ghafla hadi vifungo vikamwagika sakafuni, na ilimbidi avikusanye vyote kabla ya kuendelea kuwaza.

Tatizo ni kwamba ushahidi ulikuwa umefutwa. Namba saba mwalimu alikwisha kuisafisha. Lakini namba kumi, ile mbovu, haikuguswa Ijumaa. Skrini yake ilikuwa irudi kutoka kwa fundi Jumatatu. Ndani yake bado kulikuwa na toleo la nne.

Jumatatu Sindano alikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla hata mfagizi hajafika. Alimwamkia, akapiga moyo konde, akaomba robo saa kwenye kompyuta namba kumi, na akaomba kundi lote la gazeti liwepo. Mwalimu alimtazama sana. Usingizi haukuwa umemjia vizuri naye, maana alikuwa mtu wa haki, na kuna jambo la Jumamosi lilikuwa likimkwaruza. Akakubali.

Saa nne, wakati wa mapumziko, skrini ya namba kumi ikiwa imesharudi, walikusanyika. Chiriku alikuja wa mwisho, akasimama nyuma karibu na dirisha. Tangu asubuhi alikuwa amekaa dawati lingine. Hakuna aliyepiga simu hospitali, ingawa alikuwa hajasema neno.

Sindano aliketi. Akajikaza kisabuni. Aliifungua programu ya kuchorea, akawaonyesha wote namba: nne. Hakuifunga. Alichora mstari mmoja, akauacha pale, kisha akamwamuru Karani aweke toleo jipya. Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho. *Imekamilika.* Akafungua orodha ya Karani, akamwomba mwalimu asome.

"Toleo la tano," mwalimu akasoma.

Sindano akaifunga programu. Akaifungua tena, akasogeza kiti pembeni ili kila mtu aone. Namba juu ya skrini ilikuwa nne.

Kiranja wa darasa, ambaye Jumamosi alikuwa wa kwanza kunong'ona kwamba Sindano mwongo, alianza kukuna shingo. Mwalimu aliinama, akamwagiza Karani aweke tena, na Karani akamjibu kwa heshima zake zote kwamba toleo la tano limo tayari, hakuna cha kuweka. Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepatikana.

"Kumbe," akasema. "Programu ikiwa wazi inakuwa imeshikwa, haikubali kubadilishwa. Karani anajaribu, anashindwa, na bado anaandika kwamba amemaliza. Anaandika alichokusudia." Alinyooka. "Kwa hiyo Ijumaa namba saba ilikuwa wazi. Kuna mtu alikuwa akiitumia. Nani?"

Hapo ndipo Sindano angeweza kulipiza. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na kila mtu angeliamini sasa. Nisiwadanganye kwamba hakulitamani. Alilitamani sana, hadi aling'ata shavu kwa ndani. Lakini maneno ya mama yalikuwa bado yamemganda, ile kesi ya pili.

"Kabla ya hilo, mwalimu, nina langu," alisema. "Ile alama ya vema niliiweka bila kufungua. Niliambiwa ni tano, nikaandika kwamba nimeona. Sikuona. Kama ningefungua, tungejua Ijumaa hiyo hiyo, na gazeti lingetoka." Akameza mate. "Aliyeniambia ajiseme mwenyewe."

Hakugeuka nyuma. Dirishani kulisikika mtu akivuta kamasi.

"Ni mimi," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuna aliyewahi kuisikia hivyo. "Nilikuwepo mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyemwambia asifunge. Akaniambia nisome, nikasema ni tano na sikusoma, nilitaka kwenda nyumbani. Jumamosi baba alikuwa amesimama mlangoni. Amekuja kutoka safari kwa ajili ya picha yangu. Nikaona nikisema kweli, ataambiwa mimi ndiye niliyeharibu."

"Na mama yangu alikuwa amesimama wapi?" Sindano aliuliza.

Chiriku akaanza kulia, na Sindano naye machozi yakamtoka, lakini hakuna aliyemwendea mwenzake.

Mwalimu akalileta daftari, akalifungua mezani mahali palipo na mstari wa Ijumaa, akaweka kalamu juu yake. Hakumwamrisha mtu. Sindano akapiga mstari mmoja juu ya alama yake ya vema, akaandika pembeni: *Sikufungua. Niliambiwa.* Chiriku akaja, akapangusa mkono kwenye sketi, akaandika chini yake kwa ule mwandiko wake mzuri: *Nilikuwepo. Sikusoma.* Walidhani yamekwisha. Mwalimu akachukua kalamu, naye akaandika: *Sikuuliza vizuri. Nilihukumu,* akatia sahihi yake.

"Jumamosi nilisema mashine haina sababu ya kudanganya," aliwaambia. "Ni kweli, haina. Lakini inaweza kusema jambo ambalo si kweli, na sisi tukalibeba kama lilivyo, mmoja akampa mwingine, hadi mtu asiye na hatia akaitwa mwongo mbele ya mama yake. Karani alisema bila kuhakikisha. Chiriku akasema bila kusoma. Sindano akaandika bila kuona. Mimi nikahukumu bila kuuliza. Tofauti ni kwamba Karani hana aibu, sisi tunayo. Aibu hiyo msiitupe, itawafaa."

Ufunguo alimrudishia Sindano palepale, na utepe wake. Chiriku alipewa kazi moja tu: apeleke gazeti, ambalo sasa lilikuwa limechapwa, nyumba kwa nyumba kwa wazazi wote waliokosa, na aanze na duka la fundi cherehani.

Jioni hiyo Chiriku alisimama mlangoni mwa duka na rundo la magazeti kifuani. Alimwamkia mama Sindano, akamwambia yote, kuanzia kipanya hadi vidole vya miguu, bila kujipunguzia. Mama alisikiliza mguu wake ukiwa bado kwenye kanyagio. Alimshukuru kwa kuja, akapokea gazeti, akalifungua ukurasa wa tatu. Alisoma polepole. Alipofika kwenye nguo ambayo haijawahi kupinda, alivua miwani akaifuta, na miwani yenyewe haikuwa na vumbi.

Chiriku alipoondoka, Sindano alimuuliza mama kama inambidi amsamehe leo.

"Nani kasema leo?" mama alijibu. "Nguo ikichanika inashonwa, lakini huivuti siku hiyo hiyo kupima kama uzi umeshika. Na mshono utaonekana. Uache uonekane. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yeye siku ya dhiki hakukufaa, hilo limeshatokea. Ila leo amekuja kusema ukweli mlangoni kwangu bila kushikwa mkono. Hilo nalo limetokea. Pima yote mawili, mwanangu, kwa futi yako mwenyewe. Usipime kwa hasira, wala kwa maneno ya watu."

Asubuhi iliyofuata Sindano alipita ofisini, ingawa ufunguo alikuwa nao tayari. Miguu ilikuwa imezoea. Alimkuta Chiriku mbele ya chumba cha kompyuta, kimya, na kitambaa cha vumbi mkononi. Hawakusalimiana kwa kelele za zamani. Walifungua madirisha, wakafuta meza, wakafika namba saba.

"Ifungue," Sindano alisema, daftari mkononi. "Soma kwa sauti."

Chiriku akafungua, akasogeza uso karibu na skrini. "Toleo la tano."

Sindano akainama, akatazama mwenyewe. Ilikuwa tano. Ndipo akaweka alama ya vema.